Kiwanja cha Hamsini kwa Mia Kwenye Karatasi

"Mjomba, kulingana na jibu langu kiwanja hiki ni kidogo kuliko mkeka wetu." Hivyo ndivyo alivyoniambia mpwa wangu, anayesoma mwaka wa tatu wa sekondari, alipokuja nyumbani kwetu Walukuba, hapa Jinja, akiwa na daftari la hisabati. Nilifurahi sana, kwa sababu alikuwa amelitilia shaka jibu lake kabla ya kumwonyesha mwalimu.

Swali lilihusu mchoro wa skeli ya 1:500 ambao ndani yake kiwanja cha mstatili kina urefu wa sentimita 6.1 na upana wa sentimita 3.05. Alikuwa amezidisha vizuri akapata sentimita 18.6 za mraba, kisha akazidisha kwa 500 na kupata sentimita 9,300 za mraba, ambazo hazifiki hata mita moja ya mraba. Kosa lake ni lile ninaloliona kila mwaka kwa wanafunzi ninaowasaidia jioni: skeli ya 1:500 ni uwiano wa urefu, lakini yeye aliutumia kama uwiano wa eneo.

Nilimwomba achore mraba wenye upande wa sentimita moja, kisha aandike pembeni mwa kila upande urefu wake halisi kwenye ardhi, yaani sentimita 500, au mita 5. Mraba huo mdogo, basi, unawakilisha mita 5 kwa mita 5, ambazo ni mita 25 za mraba, na hapo hahitaji tena kubeba tarakimu nyingi: 18.6 mara 25 ni mita 465 za mraba. Naipenda njia hii ya kubadili urefu kwanza kuliko ile ya kuzidisha kwa 250,000, ingawa zote mbili ni sahihi, kwa sababu ile ya pili huleta sentimita 4,650,000 za mraba, na mwanafunzi aliyezoea kwamba mita ina sentimita 100 hugawanya kwa 100 badala ya 10,000.

Hapo kiwanja hugeuka kuwa mita 46,500 za mraba. Hapa Uganda jambo hili lina uzito wake, kwani ardhi huuzwa kwa futi, hupimwa kwa desimali na huandikwa kwa hekta kwenye hati. Desimali moja ni sehemu moja ya mia ya ekari, takriban mita 40.47 za mraba, na kiwanja tulichokuwa tukikihesabu ndicho kile ambacho kila mtu hapa hukiita hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100. Ni desimali 11.5 hivi. Anayekosea kwa kugawanya kwa 100 hupata ekari 11.5, tarakimu zilezile kabisa, na kwa hiyo kosa lake hujificha vizuri.

Ramani za jiografia za 1:50,000 zina msaada wake. Sentimita moja ni nusu kilomita, kwa hiyo sentimita moja ya mraba ni robo ya kilomita ya mraba, na kinamasi kinachochukua sentimita 12 za mraba kina kilomita 3 za mraba, sawa na hekta 300. Anayezidisha kwa nusu atapata 6, lakini akihesabu miraba ya gridi, ambayo kila mmoja ni kilomita moja ya mraba, atajiona amekosea.

Kisha nikamtolea nakala ya ramani ya kiwanja niliyoletewa miaka michache iliyopita, iliyopunguzwa kutoka karatasi ya A3 hadi A4 huku maandishi "1:500" yakibaki palepale. Nilipoipima siku ile nilipata takriban mita 232 za mraba, nusu ya nilichoahidiwa, na nilikaribia kumshutumu muuzaji. Ilikuwa mashine tu: karatasi inapopunguzwa hivyo, kila urefu hubaki asilimia 71 hivi, na eneo hubaki nusu. Kilichoniokoa ni mstari wa skeli uliochorwa chini, kwa kuwa wenyewe hupungua pamoja na mchoro. Mstari wa mita 25, uliopaswa kuwa na sentimita 5, ulikuwa na 3.5 na kidogo, hivyo sentimita moja ikawa mita 7 na ushei.

Mpwa wangu alichukua rula, akapima mwenyewe, akapata sentimita 9.3 za mraba. Kila moja, alisema baada ya kuchora tena mraba wake mdogo pembeni, ni karibu mita 50 za mraba, na akaandika 465.