Usiku wa kuhamia GRUB 2

Jana nilipofunga steshenari hapa Sinza niliangalia LUKU kwanza: uniti 14. Zinatosha. Umeme wa mtaa ukikatika siwezi kitu, ila sikutaka uniti ziniishie wakati naweka GRUB 2, programu inayoamsha mfumo wa kompyuta, kwenye sekta ya kwanza ya diski. Sekta hiyo ina baiti 512 tu, na msimbo wa kuwashia umepewa 446. Ukivuruga hapo, mashine haiamki, hata mafaili yako yote yawe mazima.

Ubuntu, mmoja wa mifumo ya Linux, ilihamia GRUB 2 tangu toleo la 9.10, Oktoba 2009. Mimi na Debian yangu, Linux nyingine, tuling'ang'ania GRUB ya zamani kwa sababu ya faili moja la menyu ya kuwashia, menu.lst. Nililiandika kwa mkono, mstari kwa mstari, na juu ya keneli (kiini cha mfumo) ya kazini niliweka maelezo kwa ajili ya mdogo wangu: "# hii ndiyo ya kazi, usiguse". GRUB 2 haitaki uguse grub.cfg, faili lake la menyu. Unahariri mipangilio kwenye /etc/default/grub, kisha amri ya update-grub inaandika yenyewe. Hilo liliniuma. Niliona kama nanyang'anywa ufunguo wa nyumba yangu.

Kilichonilainisha ni jinsi Debian inavyokuhamisha. Ukisakinisha grub-pc, kifurushi cha GRUB 2, juu ya GRUB ya zamani, haiing'oi. Inaongeza chaguo kwenye menyu ileile, ya zamani imwite mgeni, yaani GRUB 2, umjaribu kwanza. Nikachagua. Skrini ikawa nyeusi, nikashika pumzi, menyu mpya ikatokea. Debian ikawaka hadi mwisho. Hapo ndipo nilipothubutu kuandika upgrade-from-grub-legacy, amri ya kuhama kabisa.

Kosa langu lilikuwa la kuhesabu. Zamani patisheni (kipande cha diski) ya kwanza kwenye diski ya kwanza ilikuwa (hd0,0). Sasa ni (hd0,1), ingawa diski bado zinaanzia sifuri. Nikaandika kwa mazoea, nikaambiwa patisheni hiyo haipo. Nilirudia mara mbili kabla sijaona.

Mistari yangu ya menu.lst niliihamishia kwenye 40_custom, faili la mistari ya mtumiaji ndani ya /etc/grub.d, pamoja na yale maelezo. Saa sita usiku nikaendesha update-grub, nikafungua grub.cfg nione imeandika nini. Nikashuka taratibu, ukurasa baada ya ukurasa wa msimbo nisioufahamu, na karibu na mwisho nikaikuta, haijaguswa hata herufi: "# hii ndiyo ya kazi, usiguse".