Tulivyoyarudisha matao ya Mahakama ya Vuga

Ukipita Vuga, Mji Mkongwe wa Unguja, huwezi kulikosa jengo lililojengwa kuwa Mahakama Kuu. Lina kuba, matao ya Kiarabu na kuta nyeupe nene. Aliyelichora ni J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyekuja kuwa mkuu wa utawala wao hapa Zanzibar, na lilikamilika 1908. Beit el Amani, lile jumba la makumbusho lenye kuba lililofunguliwa 1925, ni kazi yake pia. Mimi ni fundi mwashi wa chokaa. Nataka kueleza tulivyoyarudishia umbo lake matao machache ya barazani.

Matao hayo yalikuwa yamezama. Kila palipobanduka, miaka nenda miaka rudi, watu waliziba kwa saruji juu ya saruji, mpaka kingo zikawa nene na za mviringo, na ule ufito unaozunguka tao haukuonekana tena. Kwa mbali bado uliona tao, lakini si tao alilolichora Sinclair.

Tulianza kwa kugonga. Unashika mwiko, unagonga ukuta kwa mpini, unasikiliza. Lipu ya chokaa iliyoshika hutoa sauti nzito. Saruji iliyoachana na jiwe inalia kama debe tupu. Sababu yake inajulikana: mawe yetu ni ya matumbawe, yanafyonza maji ya mvua na ya ardhini, na lazima yapate pa kuyatolea. Chokaa huyapitisha, saruji huyafungia. Chumvi nayo hukauka humo ndani, ikavimba na kusukuma lipu nje pamoja na bamba la jiwe.

Vipimo vya asili nilivipata kwenye tao moja la pembeni lililokuwa nyuma ya makabati ya mafaili. Mafundi waliotangulia hawakulifikia, lilikuwa limepakwa chokaa tu, tabaka kwa tabaka. Nilililowesha na kulikwangua taratibu kwa kijiti cha mti laini, na umbo likajitokeza: ukingo mkali, mfereji mwembamba wa kidole kimoja, kisha ufito. Nilifurahi sana siku ile. Nikakandamiza karatasi juu yake, nikachora, nikakata bati kufuata mchoro na kulipigilia kwenye ubao. Nilipoliburuza juu ya tao lenyewe lilipita bila kuacha mwanya.

Kazi ngumu ilikuwa kumshawishi kontrakta. Yeye alitaka saruji kwa kuwa hukauka haraka. Nikamwambia, "Bwana, tufungue pahala pawili, utie mkono mwenyewe." Ilikuwa msimu wa kaskazi, jua kali, mvua hakuna. Nyuma ya saruji jiwe lilikuwa unyevu mtupu, nyuma ya chokaa lilikuwa kavu. Na sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kongwe la hapa Mji Mkongwe, ilikuwa imeshaporomoka, Desemba 2020, watu wawili wakafa, kwa hiyo habari ya kuta za zamani hakuna aliyeidharau tena. Akakubali.

Chokaa tuliizamisha shimoni wiki kadhaa. Mimi nilitaka kuanza mapema, lakini mzee mmoja, fundi wa zamani, alichota kidogo, akaifikicha na kusema, "Mwanangu, bado ina punje mbichi. Ukiipaka leo itakuja kufura ukutani." Tukangoja. Tulichanganya chokaa moja kwa mchanga tatu, na si mchanga wa pwani, maana huo unakuja na chumvi yake. Tulipaka tabaka nyembamba nyembamba, kila tabaka tukilipitisha bati, kisha tukafunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili chokaa isikaukie juani ikapasuka. Kubomoa kwa patasi tulikufanya alfajiri, kwa sababu kesi zikianza kusikilizwa hakuna kugonga.

Mwishoni palikuja fikra ya kupaka rangi ya plastiki ili kung'are. Hapo sikulegeza. Rangi hiyo huziba pumzi ya ukuta kama saruji, na kazi yote ingekuwa bure. Tumepaka chokaa nyeupe, nayo itahitaji kurudiwa kila baada ya muda, hilo nimewaeleza wazi wasimamizi wa jengo.

Mabati nimewaachia wao, kila moja limeandikwa ni la tao lipi. Lile tao la nyuma ya makabati nimelisafisha tu, sikuliongeza kitu. Fundi atakayeshika matao yaliyobaki akachukue vipimo pale.