Kumbukumbu ya Julai: riwaya ya mkonge kwa mwezi mmoja

Mwisho wa Juni

NaNoWriMo, taasisi ya Marekani iliyokuwa ikiendesha changamoto ya kuandika riwaya kila Novemba, ilitangaza mwishoni mwa Machi 2025 kwamba inafunga. Ukata ni moja ya sababu ilizotaja. Mimi nimeamua kuendelea, maana kalenda haina mwenyewe. Chris Baty alipoianzisha changamoto hiyo mwaka 1999 huko maeneo ya San Francisco, walikuwa watu 21 tu, marafiki na marafiki wa marafiki, na mwezi wenyewe ulikuwa Julai. Novemba ilikuja mwaka uliofuata, kwa kuwa kwao hali ya hewa ni mbaya na watu hujifungia ndani. Huku Tanga Novemba ni joto na mvua za vuli, nyumba nzima imo mbioni kuanua nguo. Julai ndio mwezi wetu wa utulivu: kusi inavuma, jua halichomi, na usiku mtu anajifunika shuka zito. Kwa hiyo tumeirudisha Julai.

Tuko wachache kwenye kundi letu la WhatsApp: wengi wa hapa Tanga, mmoja Mombasa, na dada yetu mmoja aliyeko Muscat. Kila saa tatu usiku yetu, saa nne yake yeye, tunaandika pamoja kwa nusu saa bila kugusa kitu kingine, kisha kila mtu anataja idadi yake.

Tumebishana sana kuhusu lengo. Kule Marekani ni maneno 50,000, yaani 1,667 kwa siku kwa siku 30. Lakini kipimo hicho kiliwekwa na watu wanaoandika Kiingereza. Sisi mtenda, wakati na mtendwa tunawafungasha ndani ya neno moja, na programu ya kuandikia inalihesabu mara moja tu. Ukurasa uleule ukiandikwa kwa Kiswahili huwa na maneno machache zaidi. Tumekubaliana 40,000, karibu 1,300 kwa siku. Naona ni haki, wala si kujipunguzia kazi.

Riwaya yangu inatokea kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa mashamba mengi. Tausi, mhusika wangu mkuu, ni binti wa manamba, yaani kibarua wa mkataba, aliyeletwa kutoka Kigoma. Bei ya mkonge duniani inaanguka kwa sababu ya kamba za nailoni, na pale kambini hakuna anayejua ni kwa nini posho inachelewa.

Juma la kwanza

Limekwenda vizuri. Nimezima kile kirekebishaji cha simu kinachogeuza Kiswahili kuwa Kiingereza, na kazi ikawa nyepesi. Saba Saba ilikuwa sikukuu, nikapata siku nzima. Sura za kambini zimeandikika zenyewe: mistari ya nyumba, foleni ya maji, ngoma za Jumamosi ambapo Waha, Wamakonde na watu wa Rwanda kila mmoja ana uwanja wake. Haya nimeyasikia tangu utotoni.

Juma la pili

Hapa ndipo nilipokwama, na nataka kulieleza hili kwa urefu kwa sababu nadhani litamfaa mwingine.

Tausi anampelekea baba yake uji kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Anatakiwa amwambie kwamba mdogo wake wa kiume ametoroka alfajiri. Nilikaa na mazungumzo hayo usiku baada ya usiku. Kila sentensi niliyompa Tausi ilikuwa ya uongo. Wenzangu wakanishauri niruke niende mbele, ushauri ambao kwa kawaida ndio sahihi kwenye changamoto hizi. Mimi nikaenda kwa mzee jirani yetu, ambaye ujana wake wote uliishia kwenye mashamba hayo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja na lile daftari lako?"

Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao wanazungumza wapi?"

"Pale kwenye korona, babu."

"Pale hakuna mtu anayezungumza. Utasikia nini? Tulikuwa tunaongea kwa mikono."

Akanionyesha. Mashine isimame: hivi. Majani yapungue: hivi. Maji yamekatika: hivi. Halafu akaendelea mwenyewe, sikuhitaji hata kuuliza. Mkataji anaondoka kambini kabla ya kucha ili awahi jua. Majani yanafungwa mzigo mzigo, 30 kwa kila mmoja, na utomvu wake unawasha mpaka kwenye shingo. Jani likipita koronani, nyama yake inasagwa na kusombwa na maji, zinabaki singa, yaani nyuzi za mkonge, zilizolowa zinazopelekwa kuanikwa juani. Kilo 100 za majani hutoa kama kilo 4 za singa. Kilichobaki kinaoza, na harufu yake ndiyo harufu ya shamba.

Usiku ule sikugombana na sentensi yoyote. Tausi anasimama mlangoni na sufuria ya uji. Anainua kiganja usawa wa kifua, kimo cha mdogo wake. Ananyoosha kidole upande wa reli. Kisha anafungua kiganja, kitupu. Baba anaendelea kulisha majani kwenye mashine, kwa sababu mashine haisubiri.

Kwa idadi ya maneno ni sura fupi kuliko zote. Ndiyo ninayoipenda zaidi.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu: nikikwama, naangalia kwanza kama ninaijua kazi ambayo mhusika anaifanya kwa mikono yake wakati huo. Mara nyingi siijui. Tunapenda kusema msukumo umekauka, na wakati mwingine ni kweli, lakini mimi nimeona kinachokauka mapema zaidi ni habari. Dada wa Muscat, anayeandika juu ya mabaharia wa majahazi, amekwenda kuwatafuta wazee huko huko, maana wapo waliozaliwa Unguja na bado wanazungumza Kiswahili safi.

Juma la tatu na la nne

Sina mengi ya kuandika hapa. Nilikuwa naandika riwaya. Ndugu mtorokaji, niliyemweka kwa ajili ya sura moja tu, amerudi na habari za mjini na sasa anadai nusu ya kitabu.

31 Julai

Nimevuka 40,000, na wenzangu wengi pia. Kundini tumepongezana kwa sauti za kurekodi, vigelegele kutoka Mombasa vikawa vingi kuliko maneno. Hadithi yenyewe haijaisha. Nimefika kwenye tangazo la kutaifishwa, Februari 1967, na baba wa Tausi bado hajafungua mdomo.

Agosti siigusi. Septemba nitaisoma yote kwa sauti, sura ya korona nikiisomea barazani kwa babu. Bado nina maswali ya kumuuliza: robota la singa lilikuwa na uzito wa kilo 250, sasa lilipandishwaje kwenye behewa, na nani alikuwa anashika daftari la mizani?