Viini Vinne, Mizani Moja

Msimu wa karafuu uliopita, hapa Wete, niliandika programu ya kujumlisha uzito wa magunia, nikaigawa katika nyuzi nne, yaani mikondo minne ya kazi inayokwenda sambamba, ili kila kiini cha prosesa, ubongo wa kompyuta, kipate sehemu yake. Jumla ikaja pungufu. Nilipoiendesha tena, ikapungua kwa kiasi kingine. Kosa linalobadilika kila likitazamwa huchosha kuliko yote, nami nilikesha nalo.

Kuongeza jumla, jambo ambalo kwa mwandishi wa programu ni mstari mmoja tu, kwa prosesa huwa ni hatua tatu: kusoma thamani iliyopo, kuongeza, na kuiandika upya. Nyuzi mbili zikisoma 500 kwa pamoja, moja ikaongeza 40 na nyingine 60, ile inayoandika mwisho huifuta kazi ya mwenziwe, na badala ya 600 hubaki 540 au 560. Nikaweka kufuli, yaani zuio linaloruhusu uzi mmoja tu kuigusa jumla kwa wakati mmoja, jumla ikanyooka, lakini programu ikawa nzito kuliko ilipokuwa na uzi mmoja, kwa kuwa nyuzi zote zilipanga foleni. Nafuu ilipatikana nilipoupa kila uzi jumla yake, zikakutanishwa mwishoni mara moja.

Hata hivyo upo mpaka, aliouonesha Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta wa Marekani, mwaka 1967: ikiwa asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, hata viini elfu havifikishi kasi mara 10. Wachumaji wetu wanalijua hilo bila ya hesabu, kwani mizani ikiwa moja, wachumaji wakizidi hurefuka foleni tu. Kwangu mizani ni diski: faili likisomwa, viini vitatu hukaa vikisubiri.