Nilivyoiokoa GPA yangu nikiwa Mji wa Kale, Mombasa

Kila nikisikia mtu anamwambia mwanafunzi "we weka P zote, ulale", yaani alama zote azigeuze ziwe "amefaulu" tu, roho hunipanda. Mimi niliambiwa hivyo Mei 2020 na watu watatu, wote wakinitakia heri na wote wakikosea. Mwingine akanishauri nijiondoe katika somo moja kabisa. Huyo ningemfuata, hata visa ingeingia matatani.

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja jimbo la Minnesota, Marekani, nasomea biolojia, nia yangu famasia. Machi 11 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa korona ni janga la dunia nzima, na siku chache baadaye tukaambiwa tuondoke mabwenini. Nilitua Mombasa Machi 19, siku sita kabla Kenya haijasimamisha ndege za abiria kutoka nje. Nikajifungia chumba cha juu siku kumi na nne. Nyanya alikuwa akiniwekea sahani mlangoni, anabisha mara mbili, anashuka ngazi polepole huku akisoma dua.

Katikati ya Aprili chuo kikatuandikia. Muhula ule mwanafunzi alipewa hiari: ukishaona herufi yako katika kila somo, una siku kadhaa za kuamua ubaki nayo au uigeuze iwe P. P inakupa krediti zako zote, yaani ule uzito wa somo unaohesabiwa kuelekea shahada, lakini haiingii kwenye GPA, wastani wa alama zako zote, haiipandishi wala haiishushi. Ukianguka chini ya C-, P hupati. Vyuo havikwenda njia moja. Harvard na MIT waliondoa herufi kwa kila mtu muhula ule, hakuna cha kuchagua. Rafiki yangu mmoja alinionea gere kwa kuwa mimi nina hiari, nami nikamwonea yeye kwa kuwa hana.

Sasa niwaeleze ule mtihani wa kemia, maana bila huo nisingekuwa na la kuchagua.

Miezi ile Minnesota ilikuwa saa nane nyuma yetu. Mtihani uliopangwa saa kumi na mbili jioni kwao, kwetu ni saa nane za usiku. Mpango wangu ulikuwa mzuri: binamu yangu Kizingo ana intaneti ya waya, ningeenda kwake kabla ya kafyu ya saa moja, nilale, niamke nifanye mtihani. Mei 6 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kuwa Mji wa Kale, mtaa wetu, na Eastleigh ya Nairobi zinafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Vizuizi vikawekwa, polisi wakasimama, na Kizingo, ambako huenda kwa miguu nikitaka, kukawa kama ng'ambo.

Basi nikabaki na simu yangu, bando na dari. Nyumba zetu zimebanana na kuta zake ni nene, za mawe, chini mtandao haushiki. Juu darini unashika, hasa pembeni karibu na tangi la maji. Nikapandisha meza ndogo ya Nyanya anayokatia mboga, nikawasha taa ya kuchaji, nikaikalia ndoo. Ilikuwa kumi la pili la Ramadhani. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza, ukawa unanipeperushia karatasi, nikazikandamiza kwa kinu cha thumu.

Mtihani wenyewe haukunishinda. Tuliandika kwa mkono, kisha tupige picha kurasa zote na kuzituma kabla ya muda kwisha, dakika kumi na tano zimetengwa kwa kazi hiyo tu. Nilikuwa na kurasa tisa. Kila picha ilikuwa na uzito wa megabaiti nne na ushei. Ile ya kwanza ikachukua dakika mbili. Ya tano ikakwama nusu, ikaanza upya. Ilipofika ya saba, stima ya mtaa mzima ikapotea, na mtandao ukazidi kudorora. Nikasimama juu ya ndoo nimenyanyua simu kama mtu anayetafuta mwezi. Muda ukaisha kurasa saba zikiwa zimefika na mbili nimezishika mkononi, na hizo mbili ndizo zilizokuwa na maswali makubwa.

Nililia. Nyanya alipanda kuniita daku akanikuta hapo. Hakuuliza kitu, akanipa uji, akasema, "Kunywa, mwanangu, hao watu wana macho, waandikie." Nikamwandikia mwalimu usiku ule ule, nikamwambatishia zile kurasa mbili. Alinijibu kwa upole, lakini kanuni ya somo ilikuwa kinachofika baada ya muda hakisahihishwi. Nikapata C.

Kutokana na usiku ule nilijifunza hila moja ambayo nimewafundisha wengi tangu hapo. Picha zako zitume kwanza kwenye WhatsApp, kwa mtu uliyekaa naye nyumba moja. WhatsApp huzipunguza uzito yenyewe. Zihifadhi upya kutoka huko, kisha hizo ndizo utume chuoni. Utaniuliza, si bado ni mtandao ule ule? Ndiyo, lakini ile safari ya kwanza unaifanya ukurasa kwa ukurasa, kila unapomaliza kuandika, hungoji mwisho. Zikifika dakika kumi na tano zako, unazo picha ndogo ambazo kila moja haifiki hata robo ya uzito wa mwanzo, na maandishi yanasomeka vizuri. Mtihani wa hesabu niliufanya hivyo, mdogo wangu akiwa ngazini na simu ya mama anazipokea. Kurasa kumi na moja ziliingia kwa dakika nne. Nikapata A, na hiyo A naiona fahari mpaka leo.

La pili, omba mapema. Mwalimu wa takwimu nilimwandikia wiki mbili kabla, nikamwekea saa za kwao na za kwetu sambamba, nikamweleza kafyu. Akaufungua mtihani saa ishirini na nne kwa kila mtu. Kumbe kulikuwa na mwenzetu Vietnam aliyekuwa akiteseka vivyo hivyo kimya kimya.

Matokeo yakatoka: kemia C, hesabu A, takwimu B, historia C. Historia niliiharibu mwenyewe, insha mbili niliziandika nikiwa hoi kwa usingizi. Ufadhili wangu una sharti moja, GPA ya jumla isipungue 3.3. Nilikuwa nimeingia muhula ule na 3.40 kwa krediti 45.

Hapo ndipo washauri walipojaa. Kundi letu la WhatsApp: P zote. Mshauri wa masomo kwa barua pepe ya mistari miwili: P zote hazina madhara. Ami yangu naye akasema usiguse P hata moja, watu watadhani ulifeli. Na yule mwingine: jiondoe historia, ifutike.

Nikachukua daftari la hesabu za duka la marehemu babu, nikafanya kazi ambayo hakuna aliyenifanyia. Herufi (A ni 4, B ni 3, C ni 2) zidisha krediti, jumlisha, gawa kwa krediti zote. Nikiacha herufi zote, GPA inashuka hadi 3.25, ufadhili umekwenda. Nikiweka P zote, inabaki 3.40, lakini A ya hesabu yenye krediti nne inapotea bure, na kemia, ambayo ni sharti la kuingia famasia, inakaa pale bila herufi. Nikigeuza kemia na historia, napata 3.42, namba tamu sana. Nikigeuza historia peke yake, 3.32.

Nilikaa na namba hizo mbili za mwisho siku mbili. Nikaandikia ofisi za udahili za shule tatu za famasia, swali moja tu: P ya muhula huu katika somo la sharti mnaipokea? Mbili zikasema tunapokea, ya tatu ikasema tunapendelea herufi, na C inatosha. Ya tatu ndiyo niliyokuwa naitaka. Ofisi ya ufadhili nayo nikaitaka inihakikishie kwa maandishi kwamba P inahesabika kama krediti zilizokamilika. Ikanihakikishia.

Na kujiondoa? Nilikuwa na krediti 14. Ukitoa tatu za historia zinabaki 11, na mwanafunzi mwenye visa ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni Marekani, katika shahada ya kwanza anatakiwa asipungue 12. Muhula ule wakuu wa uhamiaji waliruhusu masomo ya mtandaoni yahesabike hata ukiwa nje ya Marekani, lakini hesabu ya krediti ilibaki palepale. P inakuachia krediti, kujiondoa kunazichukua. Aliyenishauri hakujua, wala hakusema kwamba hajui.

Mwisho wa kuchagua ulikuwa usiku wa manane wa Mei 22 kwao. Kwetu ilikuwa karibu saa mbili asubuhi ya Jumamosi, kesho yake Idi. Chini nyumba inanukia iliki na samli, Nyanya anapika vileja, mama anapiga pasi kanzu. Nilipanda darini, nikakaa juu ya ndoo ile ile. Historia nikaigeuza P. Kemia nikaiacha na C yake.

Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, kisha ukaandika kuwa umepokea. Nikaupiga picha skrini mara tatu, nikaituma moja kwa mama kule chini ili isipotee. Nikamsikia anamsomea Nyanya kwa sauti: "Tatu nukta tatu mbili." Nyanya akauliza, "Wao wanataka ngapi?" Mama akamwambia. Ukapita muda kidogo, kisha nikasikia kigelegele.