Kununua umeme kwa jirani si aibu

Jamani hii ishu ya Tanzania yetu kununua umeme Ethiopia, upitie Kenya, watu wengi wameipokea vibaya, wanasema tuna Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 sasa ya nini kununua nje? Mi naunga mkono tununue. Bwawa liko Rufiji, umeme ukisafiri mpaka Arusha na Kilimanjaro mwingine unapotea njiani, wakati laini ya kilovolti 400 ya Singida hadi Isinya Kenya inapita huku huku kaskazini. Wakenya wenyewe wananunua megawati 200 za Ethiopia tangu 2022, laini inashuka toka Wolayta Sodo kule Ethiopia mpaka Suswa, Kenya, zaidi ya kilomita 1,000, na mvua zikigoma kwetu kule huenda zimenyesha, hapo ndo faida yenyewe ya kuunganisha gridi. Hata umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80, tunagawana na Rwanda na Burundi.

Ila kinachoniuma ni bei. Fundi wa kuchomelea, dada wa saluni, mwenye mashine ya kusaga, luku (umeme wa kulipia kabla) ikibaki bei ile ile wao wamepata nini? Serikali iweke mkataba wazi, tujue uniti moja inanunuliwa shilingi ngapi mpakani na inatufikia kwa shilingi ngapi.