Kabla hujanunua AC kubwa, washa kijiti cha udi

Hii nimeichelewesha sana kuiandika. Watu wa grupu letu la familia wananiuliza kila siku vipi nimeshusha umeme na huku watoto wanalala vizuri, na mie najibu vipande vipande, bas leo nimekaa naimaliza yote hapa.

Sie tunakaa Mombasa, hii Mombasa ya Unguja karibu na Kwa Mchina, fleti ya kukodi ghorofa ya pili na ndo ya juu kabisa, yani juu yetu ni dari halafu bati. Wanaokaa juu wanajua nnachosema. Kaskazi ikishaingia, kuanzia Disemba mpaka masika yanapoanza Machi, bati linashika moto tokea saa nne asubuhi, na ukuta wetu wa magharibi unapigwa jua kuanzia saa nane mpaka linazama, ukiweka kiganja ukutani saa mbili usiku bado una joto kama bakuli la uji. Mtoto wangu mdogo alijaa harara shingoni na mgongoni, usiku kucha anajikuna analia. Ndo tukajikusuru tukanunua AC, ndogo ya BTU 9000 (BTU ndo kipimo cha nguvu ya AC), ya chumba kimoja tu, tukasema tutalala wote humo mpaka kaskazi ipite.

Wallahi haikuwa vile tulivotaraji. AC inanguruma usiku kucha haipumziki, panapoa pale karibu na kitanda tu, ukisogea mlangoni joto lile lile, na umeme wa Tukuza, huu wa kulipia kabla, unakwenda kama maji. Nikawa nasoma mita tukienda kulala na tena alfajiri, naona yuniti 8 mpaka 9 kwa usiku mmoja. Fundi alipokuja akatazama chumba akasema AC ndogo hii, tafuteni ya 18000. Pesa ya kununua nyengine tulikuwa hatuna, na hata tungekuwa nayo roho yangu ilikuwa haitaki.

Dada yangu anakaa Uingereza, Milton Keynes, nae fleti ya kukodi, kuukuu. Ilikuwa Januari, kanipigia vidio amejifunga blanketi kwenye kochi yumo ndani ya nyumba, nyuma yake naona dirisha limejaa ukungu, na mie huku nishajimwagia maji mara ya tatu. Nikamweleza habari ya AC. Akanambia, "Mdogo wangu, shida yetu moja. Mie nanunua joto linatoka nje, wewe unanunua baridi inatoka nje. Kazibe mianya kwanza, AC yako iwache hiyo hiyo."

Na kweli ukifikiri ndo hivo. Joto siku zote linatoka penye moto linakwenda penye baridi, halijali liko nchi gani. Kwake ndani digrii 19 nje 2, joto linakimbia kutoka. Kwangu nje 30 ndani nataka 26, joto linakimbia kuingia. Njia linazopita ni zile zile, chini ya mlango, kwenye fremu za dirisha, kwenye kioo chenyewe, na juu kwenye dari. Yeye alikuwa keshabandika sponji ya kunata pembeni mwa madirisha yote, akavisha fremu nailoni nyembamba halafu akaipulizia moto kwa drai ya nywele ikajivuta ikakaza kama ngozi ya ngoma, na ile hewa iliyobaki katikati ya kioo na nailoni haitembei, hiyo ndo inayozuia joto. Mapazia mazito anayashusha jua likizama tu, na huko Januari saa kumi na nusu jioni lishazama, ila anahakikisha pazia halifuniki redieta, kile chombo cha ukutani kinachotia joto chumba, maana likiifunika joto lote linapelekwa dirishani. Na nyuma ya redieta iliyoegemea ukuta wa nje kabandika foili ya kung'aa ilirejeshe joto chumbani. Vitu vya pesa ndogo tu, na akihama anabandua anaondoka.

Sasa kujua panapovuja ndo kazi, macho hayaoni. Dada anatumia mshumaa, mie nikaona udi bora. Subiri usiku upepo ukivuma, funga milango na madirisha, zima feni zima AC, washa kijiti kimoja cha udi upite nacho pole pole, ukingo wa mlango kote, chini juu, kila pembe ya dirisha, kwenye swichi, kwenye taa ya dari, pale bomba la AC linapopita. Moshi ukipanda wima hapo salama. Ukipinda, au ukavutwa kama mtu anauvuta kwa mdomo, hapo pana mwanya, weka alama kwa chaki. Chumba changu kidogo cha watu wanne nikatoka na alama 14.

Kubwa kuliko zote ilikuwa nyuma ya AC yenyewe. Aliyeifunga alitoboa ukuta tundu la kupita ngumi, bomba lake jembamba, pembeni pamebaki wazi na mjusi anaingia atakavyo, sisi tulikuwa hatupaoni kwa sababu pamefunikwa na lile plastiki jeupe. Liliniuma sana hili kwa sababu tulimlipa pesa kamili. Ukifungiwa AC, kabla fundi hajakusanya vyombo vyake mwambie akuoneshe tundu, alizibe mbele yako. Sie tulikoroga saruji kiganja kimoja na mchanga tukaziba wenyewe.

La pili, matundu ya hewa juu ya dirisha, yale matofali yenye nafasi ambayo nyumba zetu nyingi zinayo. Yamewekwa kwa maana nzuri kabisa, joto linapanda juu linatokea hapo, lakini yaliwekwa kwa nyumba isiyo na AC. Ukishaweka AC yanafanya kazi kinyume na wewe. Hewa ya baridi ni nzito inalala chini kama maji, inatiririka inatokea chini ya mlango, na pengo inaloacha linajazwa na hewa ya moto inayoingia juu kwenye yale matundu. Yani mlango na matundu wanafanya kazi pamoja, ukiziba kimoja ukaacha chengine umepata nusu. Nlikata maboksi kwa kipimo, nikayavisha nailoni, nikayachomeka yabane, bila gundi, ili nikitaka nayatoa.

Dirisha letu ni la luva, vile vioo vinavyopangana kama magamba ya samaki, na luva hata ukizifunga vipi hazifungi. Nlinunua Darajani ile nailoni nzito ya kufunikia meza, isiyo rangi, mita mbili, nikaibandika kwenye fremu kwa ndani kwa utepe wa kunata unaobanduka. Mwanga unaingia, upepo hauingii. Kwenye mlango sponji ya kunata kuzunguka fremu, na chini mto mwembamba mrefu ambao habari yake ntaisema mbele. Nyufa ndogo ndogo za fremu na ukuta, silikoni nyeupe, chupa moja ilitosha na ikabaki. Vyote hivi jumla havikufika shilingi 30,000.

Usiku ule ule tofauti nliisikia. Saa saba za usiku nimeamka kwa sababu ya ukimya, AC imenyamaza, nikadhani umeme umekatika, kumbe imefika kipimo imepumzika yenyewe! Haijawahi. Mita ikaniambia yuniti 5, na siku zilizofata ikawa hapo hapo, 5, mara nyengine 4 na kitu. AC tunaiweka 26 na feni ndogo inazunguka pole pole, maana feni haipozi chumba, inapoza ngozi tu, lakini kwa mtu aliyelala ndo anachotaka. Mkitoka chumbani izimeni.

Kitu kilichonipa uhakika zaidi ya mita ni ndoo. Ule mpira wa maji wa AC kwetu unamwagikia kwenye ndoo ya lita 10, na kabla sijaziba asubuhi ilikuwa inakaribia kujaa. Baada ya kuziba haifiki nusu. Hewa yetu hapa kisiwani imejaa maji, na AC ikiwa inaipoza inabidi iikaushe pia, sasa kama mwanya unaleta hewa mpya ya bahari kila dakika, AC inakausha Bahari ya Hindi usiku kucha na umeme ni wako. Kwa hiyo kama huna uwezo wa kusoma mita, pima ndoo yako kabla na baada. Hilo sijasikia mtu akilisema lakini mie ndo naliamini kuliko yote.

Mianya ni nusu ya habari, nusu ya pili ni jua. Na hapa pazia la ndani watu wanalitegemea kupita kiasi. Jua likishapita kwenye kioo joto lishaingia, pazia linapunguza tu, dawa ni kulizuia nje kabla halijagusa kioo. Hili nlijifunza kwa bibi bila kujua kama najifunza. Ile miezi mitatu tuliyokaa bila umeme Unguja nzima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika, sie tulihamia kwa bibi Mji Mkongwe, chumba cha chini, na kaskazi yote ile tulilala bila hata feni. Kuta za mawe na chokaa unene wake kama dhiraa nzima, vichochoro vyembamba nyumba zinatiliana kivuli, na madirisha yana milango ya mbao kwa nje, bibi saa nne asubuhi anaifunga yote upande wa jua, jioni anafungua. Kila siku. Hakuna aliyemfundisha fizikia.

Mie sina kuta zile, lakini nikachukua jamvi kuukuu nikalitundika kwa nje kwenye nondo za dirisha la magharibi, limening'inia kama kiganja kimoja mbali na kioo ili hewa ipite nyuma yake. Asubuhi kuanzia alfajiri mpaka saa mbili nafungua kila kitu nyumba ipumue, halafu upande wa jua nafunga na jamvi nashusha.

Dari niliiwacha mwisho kwa sababu ndo yenye gharama na si yetu. Nlimwendea mwenye nyumba, shikamoo mzee, nikamweleza, nikamwonesha na hesabu za mita nilizoandika kwenye daftari la skuli la mtoto, akakubali kuchangia nusu. Tukapigilia ile karatasi ya kung'aa ya alminiamu chini ya kenchi, upande unaong'aa ukitazama chini, maana ukitazama juu vumbi linaufunika na nguvu yake inakwisha. Mbali na nyaya za umeme, hilo msimamieni fundi kwa macho. Na yale matundu ya hewa ya darini, kule kwenye pembe tatu za ukuta, hayo USIZIBE, hayo ndo mlango wa joto la bati kutoka. Watu wanachanganya hapa, chumba kinafungwa, dari inaachwa ipumue.

Na jambo jengine nalisema kwa moyo wote. Chumba ukishakiziba kisiingie moto ndani yake. Si jiko la makaa, si chetezo cha ubani kilichoachwa kinaungua mkalala, si jenereta kuwashwa korido umeme ukikatika. Makaa yanatoa hewa ya sumu haina harufu wala haionekani, mtu analala haamki tena. Kwa kufukiza, fukiza madirisha yako wazi halafu toa chetezo nje. Na chumba cha watu wanne usikifunge kama kopo, sie mlango wa choo cha ndani tuliuacha bila sponji makusudi. Dada nae aliwahi kuziba tundu la hewa jikoni kwake, haikufika mwezi ukuta ukaota ukungu mweusi, akalizibua, na sasa hata kukiwa na baridi vipi anafungua madirisha dakika kumi kila asubuhi.

Kusi likishakolea Juni, kipupwe, mie natoa maboksi, nabandua nailoni, nakunja naweka chini ya kitanda, luva zote wazi na AC inapumzika mpaka vuli. Ndo maana sikutumia gundi.

Sasa ule mto wa mlango. Mama alikuwa na mto wa sufi wa zamani, sufi yenyewe nzuri bado lakini kitambaa kimechanika, akachukua kanga kuukuu akashona kama bomba refu, akajaza sufi na mchanga kidogo wa ufukweni uliokaushwa ili ukae chini usisogee. Dada alipouona kwenye vidio akataka wake. Mama akashona, tukampa mtu aliyekuwa anasafiri Disemba hii, na juzi picha imefika, kanga ya mama imelala chini ya mlango wa Milton Keynes na nje theluji. Mlango wake mpana kuliko wangu, umepungua kama vidole vinne, na mama keshaanza kushona mwengine.